Nani Atampandisha Mama Mujinga?

Nimepandisha watu wengi juu ya farasi. Nimempandisha padri aliyeanza kusali kabla mguu wake haujaacha ardhi. Nimempandisha dereva wa mgodi wa Mashamba, mtu anayeendesha lori lenye tairi refu kuliko mlango wa nyumba yetu, naye akalia kama mtoto siku ya chanjo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Watu wanatoka Kolwezi wamechoka na vumbi, wanakuja kwenye mbuga ya Biano, nawaweka juu ya tandiko, nawaongoza kwenye majani mpaka kwa wafugaji wanaohamahama na ng'ombe wao. Wanalala huko, wanakunywa maziwa, kesho yake wanarudi na picha mia nne na makalio yanayouma.

Lakini asubuhi ile ya mwezi wa saba, baridi ikitutafuna masikio, aliletwa mteja ambaye singeweza kumgusa hata kwa kidole.

Karatasi ilisema: familia Kabongo, watu watatu, siku mbili. Sikushtuka. Kolwezi ina akina Kabongo wengi kama mashimo ya barabara zake. Nilishtuka jeep iliposimama, mlango wa nyuma ukafunguka, ukatangulia kutoka mguu mmoja wenye kiatu cheusi cha misa. Kiatu kile nilikifahamu. Kwa miezi minane, kila nilipokiona kinakuja kwenye njia za Kapata, mtaa wao wa Kolwezi, nilikimbia.

Msinicheke. Kwetu, mwanaume anayemtaka binti wa watu hamtazami mama yake usoni. Hali chakula mbele yake. Hamshiki mkono, hamgusi hata kwa bahati mbaya. Ndiyo haya ya bukwe, aibu ya mkwe mbele ya mama mkwe. Kwa watu wa Kasai, kama akina Tina, binti niliyemtaka, ni hivyo. Kwetu Lubudi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo siku za Jumapili, nikimsindikiza Tina kutoka misa, mama yake akitokea kule mbele, mimi nilivuka barabara. Siku moja hapakuwa na upande wa pili wa kuvukia, nikaingia kwenye ua wa watu, nikawakuta wanakula bukari, ugali wetu, nikawatakia chakula chema, nikasubiri apite. Nilijiona kijana mwenye adabu kuliko wote wa Lualaba. Nilitamani nipewe cheti.

"Bonjour, mama. Bonjour, tata," nilisema, nikitazama kwato za farasi.

"Uko unasalimia nani?" aliuliza Mama Mujinga. "Miye ao mpunda?" Kwake farasi ni mpunda.

"Bote, mama."

Mzee mfupi mwenye tumbo la heshima alicheka peke yake. Huyo alikuwa Tonton Kabongo, mdogo wa marehemu baba yake Tina, mtu anayesikilizwa katika ukoo wao.

"Inua kichwa," Mama Mujinga aliendelea. "Miye niko huku juu."

Sikuinua.

"Tina! Huyu muntu, shingo yake ilivunjika?"

"Mama, mwache afanye kazi yake."

Sauti ya Tina. Nilimwibia jicho. Alikuwa amesimama nyuma ya jeep, mikono ndani ya mikono ya sweta, na macho yale makubwa ambayo kwa kawaida yananicheka kabla mdomo wake haujacheka. Leo hayakucheka. Aligusa sikio, akatikisa kichwa: simu yangu walininyang'anya, singeweza kukuambia. Halafu akatazama pembeni, na mimi nikabaki na baridi mbili, ya Biano na ya kwangu.

Nilianza na Tonton Kabongo. Kazi yenyewe ni rahisi. Mteja anashika tandiko, anatia mguu wa kushoto kwenye kikuku, mimi naweka mkono mmoja chini ya goti lake na bega langu chini ya… naam, pale pa kukalia, halafu moja, mbili, tatu. Tonton akapanda, akajinyoosha kama mnara. Tina alipanda mwenyewe, kama ninavyompenda.

Akabaki mmoja. Alikuwa amevaa koti la baridi la marehemu mumewe juu ya kitenge, na chini ya kitenge suruali ya michezo ya Tina. Alimkaribia Cathédrale, jike letu kubwa kuliko wote, akashika tandiko, akageuka.

"Bon. Nipandishe."

Nilianza kukaza mkanda wa tandiko uliokuwa umekazwa tayari.

"Hausikie? We njo mwenye kupandisha bantu, haina vile? Kabongo umemupandisha. Basi, na miye. Weka mukono hapa." Akapiga goti lake. "Na bega hapa." Sisemi alipapiga wapi.

Tonton Kabongo hakucheka tena. Aliinama juu ya shingo ya farasi wake, macho yamenikazia kama ya mwamuzi anayesubiri kupuliza filimbi. Tina aliuma mdomo. Sote wanne tulijua. Nikimgusa mwanamke huyu mbele ya mzee wa ukoo wao, nimesema kwa mkono wangu kwamba yeye kwangu si kitu, na binti yake vilevile.

"Mama, kuna kichuguu pale. Farasi nitamuleta karibu, utapanda mwenyewe, sawa ngazi."

"Miye mbuzi? Nipande kichuguu?"

"Basi subiri."

Nikamwita Domitille. Domitille ni mke wa Ngoyi, mwenye kundi kubwa la ng'ombe, na kila safari hutembea nasi akiongoza maksai wa mizigo. Anaweza kubeba ndama kila upande. Alikuja, akamwangalia Mama Mujinga juu na chini kama gunia la mahindi, akasema "pardon, mama," akamnyanyua, akamtua juu ya Cathédrale. Nilijipongeza moyoni. Stany Mukalay, moja. Mama Mujinga, sifuri.

Nikatazama juu bila kupenda. Uso wa mama yule haukuwa umekasirika. Ulikuwa umekauka. Na Tonton Kabongo alikuwa anaitikia polepole kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la swali lake.

Sikuelewa. Nilipiga mluzi, tukaondoka.

*

Biano mwezi wa saba haina mahali pa kujificha. Majani yamechomwa, yamechipua mafupi na mabichi, mti hakuna, anga limeinamia kila upande. Mtu akitaka kukutukana ana kilomita ishirini za kukuona vizuri.

"Bwana Mpunda!" Mama Mujinga aliniita kutoka nyuma. Jina hilo nililipata saa ya kwanza, nikadumu nalo. "Kwenu banafanya kazi gani?"

"Baba alikuwa ku reli, mama. Lubudi."

"Na weye ukaona treni inaenda mbio, ukatafuta kitu ya polepole."

Tonton akacheka. Nilicheka pia, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri, na mizaha mizuri naiheshimu hata ikinipiga mimi.

"Uko na diplome?"

"Ya état, mama, ya serikali. Pourcentage mingi."

"Mpunda aliiona?"

"Mama," Tina alisema, "ile diplome ni kubwa kuliko ya bale ma-ingénieur bote unanitafutia."

"Bale ma-ingénieur yangu banaoga."

Mchana tulisimama kwenye kijito. Domitille akawasha moto, akachoma nyama, na harufu ikaenda kunitafuta mahali nilipojificha, nyuma ya Cathédrale. Nilikuwa nimetoka kuuma kipande cha kwanza. Nikasikia viatu vya misa kwenye majani.

"Bwana Mpunda, kuya tukule pamoja."

"Siko na njaa, mama," nilisema na nyama shavuni.

"Unasema sawa muntu mwenye iko na jino bovu." Alianza kuzunguka farasi upande wa kichwa. Nikazunguka upande wa mkia. Akageuka. Nikageuka. Tulimzunguka Cathédrale mara tatu, yeye na sahani mkononi, mimi na shavu limevimba, na Cathédrale, mnyama mwenye subira kuliko watakatifu, akitugeuzia kichwa huku na huku. "Simama! Nasema simama, ukule mbele yangu!"

Nikameza bila kutafuna. Nyama ilishuka kama jiwe la mgodini.

"Niko na mafungo, mama. Kwa Bikira."

"Bikira iko nakuona!"

Nilisubiri kicheko cha Tina. Hakikuja. Alikuwa ameketi na magoti kifuani, ananitazama kama mtu anayetazama nyumba inaungua na mwenyewe anacheza ngoma.

*

Kambi ya akina Ngoyi ilikuwa imepigwa bondeni: vibanda sita vya matawi yaliyopindwa, vimefunikwa majani na maturubai, vinavyong'olewa na kupakiwa juu ya maksai kila majani yakiisha. Jua lilikuwa bado juu kidogo nilipoteremka kijitoni kunywesha farasi. Ng'ombe walikuwa wanarudi, kengele zao zinagongana. Nikasikia viatu.

Nilitafuta pa kukimbilia. Mbele maji, nyuma yeye.

"Simama pale pale," alisema. "Siko na sahani."

Alisimama hatua tano nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza siku ile hakunitazama; alitazama maji.

"Juu ya nini nimekuya huku, unajua?"

"Kunifukuza, mama."

"Muntu anafukuza mwenye aliingia. We uliingia wapi? Ulipiga hodi siku gani? Ulituma mzee gani?"

Nilimpapasa shingo farasi aliyekuwa karibu.

"Ile siku uliingia mu lupango ya Annie, ukabatakia appétit. Unakumbuka?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Annie alinitokea ku barabara na bukari bado mu vidole. 'Mujinga! Uko na mukwe, na hautuambie?' Nikasema, mukwe gani? Akasema, 'Ule mwenye iko nakukimbia. Kijana anakimbia nani, kama si mama mukwe?'" Alivuta pumzi. "Siku tatu tu, Kapata yote ilijua. Mi niko napita, bamama banasema félicitations, hongera. Félicitations ya nini? Mutoto wangu ameolewa ku barabara, na miguu yako."

Farasi wawili waliinua vichwa, maji yakiwadondoka midomoni. Mimi sikuwa na kichwa cha kuinua.

"Kiisha, bandugu ya bwana yangu bakakuya. Kabongo mbele. 'Mujinga, mali ya ndoa ya mutoto wetu iko wapi? Nani alipokea?' Nikasema sikupokea ata kuku. Nikaapa, mukono juu ya picha ya bwana. Bakasema, 'Kijana hawezi kuwa na haya ya bukwe bure. Mwenye anakimbia, ametoa. Na mwenye anakimbiwa, amekula.' Basi wanasema, kama nilikula peke yangu, nitoke mu nyumba ya ndugu yao. Mwisho wa mwezi huu. Miaka makumi mbili na sita niko mu ile nyumba, Stany."

Stany. Kumbe jina langu alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Nikaambia Kabongo: twende. Kule kazi yake njo kupandisha bantu. Kama si mukwe, atanigusa sawa bantu bote, utaona na macho. Nikalipa safari. Nikapanda gari. Nikakuambia mbele yake: weka mukono." Aling'oa jani, akalitupa majini. "Na weye ukaita bibi ya ng'ombe anibebe."

Nilifunga hatamu fundo, nikalifungua, nikalifunga tena.

"Mama… juu ya nini haukuniambia mbele?"

Akanitazama hatimaye. Nilihisi macho yake kisogoni kama jua la saa sita.

"Nikuambie namna gani? Unakimbia!"

"Nitamwambia Papa Kabongo leo. Kwa mdomo wangu. Sikutoa kitu."

"Mudomo yako?" Alicheka, kicheko kikavu. "Ile yenye iko na mafungo kwa Bikira? Kabongo atasema tumepangana. Mudomo hapana. Mukono."

"Na Tina?"

"Tina iko na miguu, atapata njia yake. Mi niko na nyumba moja."

Akageuka akapanda mteremko, koti la marehemu likimpita magoti. Hakuteleza hata mara moja na vile viatu.

*

Nilimkuta Tina kwa Domitille, anajaribu kukamua. Ng'ombe alikuwa anamdharau, maziwa yanaenda kila mahali isipokuwa kwenye ndoo. Siku nyingine ningesema kitu. Domitille alituangalia, akachukua ndoo, akakumbuka kazi upande wa pili wa kambi.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilijua batonton bako nagomba. Ya nyumba, mama aliniambia leo mu gari." Alijifuta mikono kwenye kitenge. "Stany, niangalie. Miye unaweza kuniangalia, miye si mama mukwe."

Nilimwangalia. Jua la mwisho lilikuwa linampiga upande mmoja wa uso, na tone la maziwa limekaa juu ya nyusi yake, na mimi nilitaka kulifuta kwa kidole gumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na ile diplome.

"Anataka kesho nimpandishe," nilisema.

"Najua anataka nini. Ukimugusa mbele ya tonton, umesema haunitaki. Siku mingine ukikuya kuniomba, tonton atasema: huyu? Huyu alitia bega chini ya mama yake, leo anataka mutoto? Atakufukuza na atakuwa na haki."

"Nisipomgusa, mama yako analala nje."

"Kuna njia ya tatu." Akanikaribia. Alinuka moshi na ng'ombe na ile sabuni yake ya waridi. "Lubudi ni wapi, kutoka hapa?"

"Kule. Siku moja na nusu."

"Farasi mbili. Sasa hivi, mbele giza ikuye. Tunaenda kwenu. Kiisha watanyamaza bote, watapokea kile kitatolewa."

Nitasema ukweli: miguu yangu ilisikia vizuri sana. Miguu yangu, kama mnavyojua, imezoea. Nilimwona Tina mbele yangu kwenye majani, kitambaa kimemtoka kichwani, ananipita na farasi na kunicheka. Halafu nikamwona mama yake anafungasha sufuria mbele ya safu nzima ya nyumba za Kapata, na Annie mlangoni na bukari kwenye vidole.

"Tukikimbia," nilisema, "hapo njo tumemumaliza kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

"Haujui." Alirudi nyuma hatua moja. Ile hatua niliisikia kwenye mbavu. "Miezi munane unanichekesha, Stany. Kila kitu uko na jibu. Bapadri, bama-ingénieur, ata mpunda unaijibia. Leo miye nakuuliza kitu moja, jibu yako ni haujui."

"Tina…"

"Kesho nitaona mukono yako. Hiyo haina mizaha."

Akaenda kukaa na mama yake. Walikaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja na hasira yake, wakinywa maziwa kutoka kibuyu kimoja bila kusemezana.

*

Asubuhi akina Ngoyi walikuwa wanahama. Vibanda vimeng'olewa kabla ya chai, vyungu vimefungwa juu ya maksai, mbwa wanabweka, ng'ombe mia moja wamesimama kwenye ukungu wakitoa moshi puani. Kambi yote, watu kama thelathini, ilikuwa pale. Singeweza kupata mashahidi wengi zaidi hata kwa kuwaalika.

Tonton alikuwa juu tayari. Tina juu, kofia ya sweta imemfunika mpaka machoni. Domitille alianza kumwendea Mama Mujinga.

"Acha," nilimwambia. "Hii ni kazi yangu."

Nilitembea hatua sita mpaka kwake. Mama Mujinga alishika tandiko, akatia kiatu cha misa kwenye kikuku. Niliweka mkono wangu wa kushoto chini ya goti lake. Alitetemeka. Sikutegemea hilo. Jana nzima alikuwa ananikimbiza na sahani, kumbe yeye pia alilelewa kama mimi, na kila neno alilonitupia lilikuwa limemchoma mdomo kwanza. Alifumba macho. Na mimi nikafumba. Nikaweka bega.

"Moja," nilisema. "Mbili."

Tatu haikutoka. Nilisukuma tu.

Alikaa juu ya Cathédrale, akapanga kitenge chake juu ya magoti, akasafisha koo. Alipoongea, alipaza sauti mpaka kwa ng'ombe wa mwisho.

"Kabongo! Umeona?"

"Nimeona," alisema mzee.

"Na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Basi, sema. Sema mbele ya hawa bantu kile utasema mbele ya bandugu."

Tonton Kabongo alikaza hatamu, akanitazama. Nafikiri alinihurumia kidogo. Lakini alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na sauti nzito.

"Hapa hakuna mukwe," alisema. "Bibi ya ndugu yangu hakupokea kitu. Huyu kijana si kitu kwetu."

Si kitu kwetu. Nilikuwa nimetukanwa siku nzima bila kuumia. Lile lilisemwa kwa adabu, na likaingia mpaka mfupani.

Tina alisogeza farasi wake mpaka goti lake likawa karibu na uso wangu. Hakulia. Afadhali angelia, machozi najua namna ya kuyachekesha.

"Banamuke babili walikuwa mbele yako," alisema polepole. "Ukabeba mwenye haukumutaka."

Akampiga farasi visigino, akatangulia peke yake kwenye ukungu, upande wa kurudi.

Njia nzima sikufanya mzaha hata mmoja. Domitille aliniuliza kama nina malaria. Tulisimama mara mbili, kula na kunywesha, na mara mbili Mama Mujinga alishuka na kutaka kupandishwa, na mara mbili Tonton alitazama. Kila mara alikuwa mzito zaidi. Mara ya tatu hakutetemeka tena. Mchana alikaa na sahani yake mbele yangu, akaniambia kula, nikala. Tina alikula akiwa ametupa mgongo.

*

Jeep ilikuwa inatusubiri zizini. Tonton Kabongo aliingia mbele, kando ya dereva, akishika kiuno. Tina aliingia nyuma, akafunga mlango kwa nguvu, kioo kikatetemeka. Mama Mujinga alikaa upande wangu. Nilikuwa navua tandiko la Cathédrale, natafuta kitu cha kutazama kisicho na macho.

"Bwana Mpunda."

Nikageuka. Nikamtazama usoni, maana sasa niliruhusiwa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona vizuri. Ana macho ya Tina, hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nyumba yetu ya Kapata, unaijua?"

"Naijua, mama."

"Hauijue."

"Mama, ni ile ya nne, yenye…"

"Nimesema hauijue! Kabongo, tunamujua huyu kijana?"

"Hatumujue," alisema Tonton bila kugeuka.

"Muntu mwenye hatumujue anajua nyumba yetu namna gani? Zile nyumba bote zinafanana." Alikuwa anaongea kwa ukali ule ule wa jana, kila neno kama anagonga msumari. "Muntu sawa huyu, kama iko na kitu ya kusema, anakuya muchana na bazee yake. Ma-souliers, viatu ya misa, ku miguu. Hakimbie. Anauliza njia. Anaanza ku lupango ya kwanza: wa Mujinga ni wapi? Anauliza pa ya pili. Kwa Annie anasimama, anauliza na sauti kubwa. Bote basikie kama hajawahi kukanyaga kwetu."

Nilijitwika tandiko begani.

"Kiisha sisi tutaangalia kama tunafungua," alisema. "Pengine hatufungue. Iko ananuka mpunda."

"Mama!" Tina alikuwa amegeuka, uso umewaka. "Mwambie akifika, miye sitatoka mu chumba! Mwambie ata akiuliza njia mpaka Zambia!"

"Mwambie weye mwenyewe," alisema Mama Mujinga, akapandisha kioo chake. "Mi simujue."

Dereva akawasha gari. Upande wa pili kioo kilishuka, nusu tu. Nilizunguka jeep mbio mpaka kwake. Tina alitazama mbele, taya limekaza, vidole vyake vimeshika ukingo wa kioo mpaka kucha zimebadilika rangi.

"Usikuye," alisema.

"Sawa."

"Siku ya posho, Jumamosi, niko ku kazi, usikuye. Siku ya mungu batonton bako pale wote. Kiisha misa, saa saba, wakiwa wamekula na bako na roho nzuri." Akameza mate. "Ile saa zaidi, usikuye."

Kioo kikapanda. Jeep ikaruka kwenye mashimo ya kwanza, ikaelekea Kolwezi na vumbi lake. Mimi nikabaki na tandiko begani, nahesabu wazee wetu wa Lubudi: yupi ana viatu, na yupi ana sauti ya kutosha kwa Annie.